Shikamoo Haitoshi: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Afya Anayepangiwa Usambara

Ukipangiwa mafunzo kwa vitendo katika milima ya Usambara, iwe ni hospitali ya wilaya pale Lushoto mjini, hospitali ya Kilutheri ya Bumbuli, au zahanati ya huko juu Mtae ambako ukisimama ukingoni unaiona nyika ya Mkomazi imetanda chini yako, utakutana na wazee kuanzia asubuhi ya kwanza. Vijana wengi wa huku wameteremka. Wako Tanga, wako Dar es Salaam, wako Arusha, wanatafuta maisha. Waliobaki kwenye mashamba ya mteremko, wakipalilia maharage na kuchimba viazi, ni baba na mama zao, na mara nyingi wajukuu walioachiwa. Mzee wa huku akiugua hushuka kwa miguu mpaka barabarani, akapanda bodaboda au Noah iliyojaa magunia ya kabichi, akafika kwako amechoka kabla hujamgusa.

Nakuandikia wewe unayesomea uuguzi, ukunga, utabibu, famasia au maabara. Ninalotaka kukuambia ni hili: adabu uliyolelewa nayo ni msingi mzuri, lakini bado si huduma. Wapo wanafunzi wenye adabu kamili, wanaoamkia kwa kuinama, wanaompisha mzee kiti, kisha wanaandika kwenye faili lake neno "uzee" mahali palipotakiwa jina la ugonjwa. Mzee huyo ameheshimiwa kwa mdomo na amenyimwa kipimo. Heshima anayoidai kwako ni ile ya mikono: umpime kama unavyompima kijana, umweleze kama unavyomweleza kijana, na usikate tamaa juu yake mapema kwa sababu tu ana mvi.

Jikague kabla ya kuvaa koti

Mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata uhuru, mwanasaikolojia Nathan Kogan wa Marekani alichapisha orodha ya kauli kuhusu wazee, nzuri na mbaya, mtu akitakiwa kusema anakubaliana nazo kiasi gani. Mpaka leo orodha hiyo inatumika kuwapima wanafunzi wa uuguzi na udaktari katika nchi nyingi. Mwaka 1969 daktari Robert Butler akaupa jina ubaguzi wa kumdharau mtu kwa umri wake, akiuweka kundi moja na ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti iliyosema kwamba, kwa makadirio yake, mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee.

Najua utakalojibu: hayo ni ya Ulaya, sisi tunawaheshimu wazee wetu. Ni kweli tunawaheshimu, na ndiyo maana ubaguzi wetu ni mgumu kuugundua. Haujifichi ndani ya matusi, unajificha ndani ya huruma. Sikiliza mazungumzo ya kwenye meza ya wauguzi baada ya raundi. "Mzee wa watu, kachoka." "Bibi ameshakula chumvi nyingi." "Kwa umri ule, tumwachie Mungu." Kila kauli ina upole ndani yake, na kila moja inaweza kuwa uamuzi wa tiba uliopitishwa bila kipimo hata kimoja. Anayesema "tumwachie Mungu" juu ya mgonjwa wa miaka 30 mwenye homa ya mapafu ataulizwa maswali. Akisema hivyo juu ya wa miaka 80, watu wanatikisa kichwa na kuendelea na chai.

Kwa hiyo chukua daftari, jijibu kwa maandishi, bila kumwonyesha mtu. Nikimwona mzee analia kwa maumivu, nafikiria ugonjwa au nafikiria umri? Nikisikia mgonjwa wangu ana miaka 85, moyo unashuka kabla sijamwona? Nikiambiwa nichague wodi ya watoto au ya wazee, nakimbilia ipi, na kwa nini? Je, naamini mzee anaweza kujifunza kujichoma sindano ya insulini? Majibu ya kweli yatakuuma kidogo. Yatunze, uyasome tena mafunzo yakiisha.

Jambo hili linakuhusu wewe mwenyewe pia. Utafiti wa Becca Levy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 baada ya kufuatilia watu wa mji mmoja wa Ohio, Marekani, kwa zaidi ya miaka 20, ulionyesha kwamba waliouona uzee wao kwa mtazamo mzuri waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona vibaya. Mzee anayeambiwa kila akija kliniki kwamba "ndio umri huo" anafundishwa kuacha kujitunza. Mwalimu wake ni sisi wenye makoti meupe.

Salamu ndiyo uchunguzi wa kwanza

Usambara salamu ni ndefu. Mzee ataulizia ulivyoamka, wa kwenu, kazi, safari, mvua ya huko ulikotoka. Mwanafunzi mwenye foleni ya watu 40 hutamani kuikata. Usiikate. Ndani ya dakika mbili hizo, kama macho yako yapo kazini, utapata habari nyingi kuliko utakazopata ukianza na "unasumbuliwa na nini?"

Anavyoitikia, sikiliza pumzi. Akikatiza sentensi katikati ili avute hewa, umeshajua pa kuanzia. Akikujibu jambo tofauti na ulilouliza, usiseme amechanganyikiwa. Sogea upande wa pili, uso wako aone, rudia kwa sauti nzito na ya taratibu. Huenda ni masikio tu, na huenda ndani ya masikio mna nta iliyoganda ambayo wewe mwenyewe unaweza kuitoa siku hiyo hiyo. Tazama uso unavyocheka: pande zote mbili zinapanda sawasawa? Mpe mkono, usikie joto lake na nguvu zake, uone kama unatetemeka. Akikuulizia kwenu mara ya tatu baada ya kumjibu mara mbili, weka alama akilini. Mtazame alivyoinuka kwenye benchi, kama alishika ukuta, kama alitumia mikono miwili kujisukuma. Akija na mjukuu, angalia nani anajibu.

Hapo kwenye mjukuu ndipo wengi tunapoteleza. Mwanafunzi anamwamkia bibi, kisha anageukia kijana aliyemsindikiza na kuuliza, "Anaumwa nini? Anakula? Analala?" Bibi yupo pale pale, anasikia anavyozungumzwa kama mzigo ulioletwa na gari. Swali la kwanza liwe lake, na la pili, na la tatu. Msindikizaji aongeze baadaye, kwa ruhusa yake. Hata mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ana jambo la kukuambia kuhusu maumivu yake.

Lugha nayo ina uzito wake. Wazee wengi wa huku, hasa kina mama ambao hawakukaa sana mjini, wanakisema Kiswahili vizuri sokoni, lakini maumivu wanayaeleza kwa Kishambaa. Wengine ni Wapare, wengine Wambugu. Kama hujui lugha hizo, mtafute mhudumu anayezijua, awe muuguzi au dada wa usafi, umwombe kwa heshima atafsiri neno kwa neno. Usimtumie mjukuu wa kiume kumtafsiria bibi yake habari za kizazi. Hatazisema, na utaandika kwamba hana tatizo.

Kumwita "bibi" au "babu" si kosa, wengi hufurahi. Muulize tu angependa aitweje, kwa sababu yuko mwalimu mstaafu ambaye maisha yake yote ameitwa Mwalimu, na yuko mama wa miaka 62 asiyetaka kabisa kufanywa bibi na mtu asiye mjukuu wake. Linalokera ni ile sauti ya kubembelezea watoto: "Haya tunywe dawa yetu, eeh, tusiwe wakorofi." Mtu aliyelea watoto saba na kuzika wawili hahitaji kusemeshwa hivyo.

"Uzee" si utambuzi wa ugonjwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtazamo unapoua.

Tuseme analetwa mama wa miaka sabini na kitu, kutoka kijiji cha juu ya Soni. Mjukuu anasema tangu juzi amebadilika: anaita watu waliokwisha kufa, usiku halali, mchana anasinzia, jana alimkataa mwanawe wa kumzaa. Jirani mmoja amesema ni uzee umemfika, mwingine amesema amerogwa. Joto lake ni la kawaida. Muuguzi wa zamu anakuambia umwandike tu.

Neno la kulishika hapo ni "juzi". Uzee hauji juzi. Ugonjwa wa kusahau unaanza polepole, kwa miezi na miaka. Akili iliyovurugika ndani ya siku mbili tatu ni mkanganyiko wa ghafla, nayo ni dharura kama kifua kubana. Watafiti waliowapima wazee waliolazwa katika wodi za tiba za hospitali ya KCMC, Moshi, walikuta karibu mmoja kati ya watano akiwa na hali hiyo. Kwa hiyo pima sukari sasa hivi. Pima oksijeni, presha, malaria na mkojo. Mwangalie ulimi kama umekauka. Wazee wengi hawasikii kiu vizuri, na wengine wanajizuia kunywa maji kwa sababu choo kiko mbali na njia inateleza. Sikiliza mapafu, na usidanganywe na kipimajoto, maana mwili wa mzee unaweza kubeba homa ya mapafu au maambukizi ya mkojo bila joto kupanda. Papasa tumbo la chini uone kama kibofu kimejaa. Angalia kichwani kama kuna alama ya kuanguka. Kisha omba mfuko wa dawa.

Mfuko wa dawa una mambo. Mwombe mzee au msindikizaji akutolee kila kitu anachotumia, uweke mezani. Utakuta vidonge vya presha vya kliniki mbili tofauti, vyote vikiliwa. Utakuta diklofenaki ya dukani, kwa sababu mtu aliyebeba kuni na maji kwenye mteremko kwa miaka 50 ana magoti na mgongo unaouma, na hakuna aliyewahi kumtibu maumivu hayo zaidi ya kumwambia ni ya umri. Diklofenaki ya kila siku kwa mzee huchubua tumbo mpaka likavuja damu, huumiza figo na huipandisha presha ile ile mnayohangaika kuishusha. Utakuta na dawa za miti shamba, lakini hizo atakuonyesha tu kama hujamkunjia uso. Milima hii ina waganga wenye sifa tangu enzi za utawala wa Wakilindi, na mgonjwa aliyekwisha kugombezwa kwa kwenda kwa mganga hajaacha kwenda, ameacha kusema. Uliza kama unavyouliza chakula: "Na dawa za nyumbani, mama, unatumia zipi?"

Ukihisi ni ugonjwa wa kusahau kweli, usimpime mzee kwa mizani ya shule. Katika mkoa jirani wa Kilimanjaro, wilayani Hai, watafiti waliwafikia wazee vijijini nyumba kwa nyumba, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa huo. Walichojifunza ni kwamba vipimo vilivyotoka nje vinamwonea mtu ambaye hakusoma. Ukimwambia mkulima aliyeishia darasa la pili apunguze saba saba kuanzia 100, au achore saa, unapima elimu yake, hupimi ubongo wake. Ndipo kikatengenezwa kipimo kifupi kinachowafaa wasiosoma, ambamo mzee hukumbuka maneno, hutaja vitu na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Mwombe mwalimu wako akufundishe. Na ukitaka kujua kama mzee anazifuata siku, muulize gulio la kwao ni lini.

Presha ya mzee usiipime mara moja ukatosheka. Mpime amelala dakika tano, msimamishe ukiwa karibu naye, pima baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Ile ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, huyo ndiye atakayeanguka alfajiri akienda chooni, na huenda dawa tunazompa sisi ndizo zinazomwangusha. Masika njia za huku huwa utelezi mtupu, na mfupa wa nyonga wa mama wa miaka 75 hauhitaji bonde kuvunjika. Muulize kama ameanguka mwaka huu. Muulize pia kama ameacha kwenda mahali fulani kwa kuogopa kuanguka, msikitini, kanisani, shambani. Wengi hukataa swali la kwanza na kulikubali la pili.

Halafu kuna moshi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi hukaa ndani ya nyumba. Jiko la mafiga linafungiwa ndani ili lipashe joto, na mama anapika humo maisha yake yote. Kikohozi chake cha miaka na kubanwa kifua kwake huenda ni ugonjwa wa mapafu, hata kama hajawahi kushika sigara. Macho yake mekundu ni moshi huo huo, au ni trakoma, au ni macho makavu. Nalitaja kwa sababu katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Akija mama wa namna hiyo, mtibu macho, kisha mweleze msindikizaji kwa sauti inayosikika benchi zima kwamba wekundu huu unatokana na moshi wa jiko au ugonjwa wa macho. Na utani wa uchawi kuhusu wagonjwa wazee, hata wa kuchekesha tu chumba cha chai, usishiriki.

Mambo ya aibu

Mzee hatakuambia kwamba mkojo unamtoka. Baba hatasema anaamka mara sita usiku na mkojo unakatika katika, na mama hatasema kizazi kimeshuka na amekirudisha mwenyewe kwa mkono kwa miaka kumi. Wewe nawe unaona haya kuuliza, kwa sababu anayeketi mbele yako ana umri wa mama wa mama yako. Haya hizo ni za malezi mema, ila gharama yake analipa mgonjwa.

Njia ipo, na ipo ndani ya adabu yetu wenyewe. Funga pazia. Kaa chini, usisimame juu yake. Sema: "Mama, naomba radhi yako, kazi hii inanilazimu kuuliza mambo ambayo mtoto haulizi." Ukishaomba radhi, uliza wazi, kwa maneno ya kawaida, bila kuzungukazunguka. Akiomba mwanamke mwenzake au mwanamume mwenzake, mtafutie. Unapompima, mfunike khanga sehemu usiyoipima. Uliza pia kuhusu tendo la ndoa, na usimruke kwenye kipimo cha VVU kwa kudhani yamempita. Wapo wazee wanaopungua mwili mwaka mzima wakitibiwa vidonda vya tumbo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwapima.

Foleni, kadi na dirisha

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya 2007 inamsamehe malipo mzee asiye na uwezo. Katika hospitali nyingi utaona tangazo la kumpisha mzee apate huduma kwanza. Tangazo lipo ukutani; mzee asiyeona vizuri, au asiyejua kusoma, amekaa chini yake tangu saa moja asubuhi.

Siku yako ya kwanza, kabla hujajua hata stoo iko wapi, jua dirisha la wazee liko wapi, afisa ustawi wa jamii anakaa chumba gani na siku gani, na mzee asiye na kitambulisho cha msamaha anahitaji barua gani kutoka ofisi ya kijiji. Habari hizo zitamsaidia mgonjwa wako kuliko mada nyingi ulizofanyia mtihani. Usimwambie mzee "nenda pale, halafu rudi hapa." Mpeleke, au mpe mtu wa kumpeleka. Dawa ikikosekana, usimwache na karatasi na neno "kanunue": uliza famasia kama ipo mbadala, rudi kwa daktari, na ikishindikana mweleze ipi ni ya lazima zaidi kama pesa inatosha moja tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na wazee watakuuliza inawahusu vipi. Pata jibu sahihi kwa afisa ustawi wa jamii kabla hujawajibu.

Tafuta wazee wazima

Ukikaa wodini tu, utaamini uzee ni ugonjwa, kwa kuwa wazee unaowaona wote ni wagonjwa. Hili halirekebishwi na kitabu peke yake. Uchambuzi wa tafiti 63, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mtazamo kuhusu wazee hubadilika kwa elimu na kwa vijana kukutana na wazee, na ulibadilika zaidi pale vyote viwili vilipokwenda pamoja. Kwa hiyo Jumamosi usiyo na zamu, mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii uongozane naye kijijini. Utamkuta mzee wa miaka 78 anainua tuta kwenye mteremko ambao wewe utaupanda ukihema. Utamkuta bibi anasonga bada la watu wanane huku anamsahihisha mjukuu hesabu.

Uliza, kisha nyamaza usikilize. Wazee wa upande wa Mlalo waliozaliwa miaka ya 1940 watakusimulia walivyowaona wazazi wao wakilazimishwa kuchimba matuta ya serikali ya mkoloni, na namna watu walivyogoma. Utaelewa kwa nini amri ya mtu wa serikali, hata akiwa daktari, haipokelewi kichwa kichwa. Waulize tauni. Ugonjwa huo, ambao kwako ni aya chache za kitabu, ulizuka Lushoto mwaka 1980 na ukawa unajirudia kwa zaidi ya miaka 20. Maelfu waliugua, mamia wakafa, na vijiji vya upande wa Shume viliteswa sana. Wazee waliouguza wenzao wakati ule wanajua mitoki inavyoanza, wanajua panya wakifa ovyo ndani ya nyumba maana yake ni nini, wanajua nani alifichwa ndani na kwa nini. Wengine walikuwa wahudumu wa vijijini wenyewe. Ikitokea tena, ninaamini atakayeigundua mapema ni mzee wa namna hiyo, endapo atakuwapo kijana wa afya wa kumsikiliza.

Simulizi hizi zina kazi wodini pia. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa, muulize alikuwa mkubwa kiasi gani uhuru ulipokuja Desemba 1961, au Azimio la Arusha lilipotangazwa 1967, au kama alikuwa ameoa vita vya Kagera vilipoanza 1978. Utaupata umri wake kwa karibu, na dozi yake utaikokotoa sawasawa.

Wakubwa wako wakikosea

Siku moja mkubwa wako atamfokea mzee mbele yako, au atapita kitanda chake kwenye raundi bila kusimama. Wewe ni mwanafunzi, na alama zako ziko mikononi mwake. Usibishane naye mbele ya mgonjwa. Raundi ikipita, rudi pale kitandani, umpime mzee, uandike ulichokuta, kisha umfuate mkubwa na namba mkononi: "Naomba uniangalizie, mgonjwa wa kitanda cha nne anapumua mara 30 kwa dakika." Namba hiyo hata mtu mwenye dharau hawezi kuipuuza kirahisi. Jambo likiwa zito, kama kipigo, kufungwa kamba kitandani bila sababu, au pesa kudaiwa kwa mwenye msamaha, mwambie msimamizi wako wa chuo siku hiyo hiyo.

Ukumbuke pia kwamba milima hii ilianza zamani kuwahudumia waliokataliwa. Lutindi, upande wa Korogwe, ilianzishwa mwaka 1896 kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 imekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Waliokuwa wakifungwa kamba majumbani walipelekwa pale wakapewa kitanda na kazi ya mikono. Omba kuitembelea ukipata nafasi.

Siku ya kumruhusu

Wanafunzi wengi huona kazi imekwisha daktari akisaini. Kwa mzee, hapo ndipo nusu ya kazi inaanza. Jua anaishi na nani, nani anapika, maji yako mbali kiasi gani, na kama njia ya kutoka barabarani hadi kwake anaiweza kwa miguu aliyonayo leo. Dawa zimwekee alama anazozielewa: jua kwa za asubuhi, mwezi kwa za usiku, na mwambie akurudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, rudia bila kupandisha sauti. Ziondoe mfukoni, kwa idhini yake, zile ambazo daktari amezisimamisha. Chukua namba ya simu ya jirani au ya mwenyekiti wa kitongoji kama yeye hana simu. Andika tarehe ya kurudi kwa tarakimu kubwa, kisha muulize kama siku hiyo kuna gari linaloshuka kutoka kwao. Kama halipo, badilisha tarehe.